Kabla Hujaniletea Ndoo: Namna ya Kuitafutia Pombe Yako Jibu Mwenyewe

Ndoo ilifika kwangu Chumbageni jioni, imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, na kijana aliyeileta anatweta. Katoka nayo Makorora. Lita 20 za choya (rosella), sukari na hamira, zimesukwasukwa njia nzima kwenye mashimo.

"Shikamoo mjomba. Imekufa. Tangu jana haitoi mapovu."

"Marahaba. Tua kwanza."

Tukaiweka uani kwenye kivuli. Nikakoroga sabuni na maji kwenye kikombe, nikapaka povu kidoleni na kulizungusha ukingoni mwa mfuniko, kisha nikaukandamiza kidogo kwa kiganja. Karibu na mshikio kipovu kikavimba, kikapasuka, kikavimba tena. Gesi ilikuwa inatokea pale, si kwenye ule mpira wa dripu alioutumbukiza kwenye chupa ya maji. Nikachota kidogo, nikaitia haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, nikaizungusha vidole viwili ili mapovu yaiachie. Ikasoma 1.002, karibu na 1.000 ya maji matupu.

"Ulianza na ngapi?"

"Ngapi ya nini, mjomba?"

Basi. Pombe ilikuwa haijafa, ilikuwa inakaribia kumaliza kazi. Siku nne tu, lakini siku nne za Machi hapa Tanga, kwenye chumba chenye bati na dirisha moja, ni kazi ya wiki mbili za huko zinakoandikwa risipe. Kilichoiharibu ni safari. Mashapo yote yaliyokuwa yameshatulia chini yalikuwa yamerudi juu, na hewa imeingia kwenye kinywaji ambacho kwa wakati ule hakikutaka hewa kabisa. Angekaa nyumbani akapaka sabuni kwenye mfuniko, angejijibu kwa dakika mbili.

Tumefunzwa tangu utoto kwamba kuuliza si ujinga, na sipingi. Ila kwa anayeanza kupika pombe nyumbani, maswali kumi ya kwanza yameulizwa na watu maelfu kabla yake na yakajibiwa vizuri. Aliyekwenda kulichimba jibu hurudi na vitu viwili, jibu lenyewe na sababu yake. Aliyeletewa mkononi hupata jibu tu, na pombe ya pili ikibadilika kidogo yuko tena njiani na baiskeli. Ndiyo maana nikaandika utaratibu huu. Ni ule ninaoufuata mwenyewe.

Neno moja kabla ya kuanza. Nazungumzia kinywaji cha kunywa kwako: choya, wanzuki, mvinyo wa machungwa ya Muheza, bia ukipata kimea. Kuuza kuna leseni zake, katafute habari zake halmashauri. Gongo ni kosa la jinai, swali la mtambo usiniletee. Na mtaani kwetu wengi hawanywi, basi pika uani kwako, mlango umefungwa, na usimtume mtoto wa jirani akununulie hamira kwa shughuli hiyo.

Hatua ya kwanza: daftari

Nunua daftari la kurasa 96 kabla hujanunua sukari. Siku ya kupika andika tarehe, saa, lita ngapi, sukari kilo ngapi, hamira gani na kiasi gani, joto la kinywaji ulipoitia hamira, na namba ya haidromita. Kila jioni ongeza mstari mmoja: joto, harufu, kinachoonekana. Ukionja, andika ulichoonja kwa maneno yako, hata ukiandika "kama ganda la ndimu". Hakuna atakayekusahihisha insha.

Kijana wangu wa Makorora hakuwa na daftari, lakini alikumbuka kitu kimoja: kilo tatu za sukari katika ndoo ya lita 20. Hicho kikatuokoa. Kilo moja ya sukari katika lita 20 hupandisha namba kwa karibu 0.019, kwa hiyo kilo tatu zilimwanzishia kama 1.058. Ukitoa namba ya mwisho kwenye namba ya mwanzo, ukazidisha kwa 131.25, unapata asilimia ya kilevi. Hesabu ya darasa la sita, ila bila namba ya mwanzo haifanyiki.

Na daftari lina siri nyingine. Nusu ya maswali hufa pale unapoyaandika. Ukishaandika "jana mapovu mengi, leo machache, mfuniko unanukia kilevi kwa pembeni", umeshaona unapovuja.

Hatua ya pili: jiulize kama kuna haraka

Mara nyingi hakuna. Pombe iliyofunikwa vizuri inaweza kukusubiri usome hadi kesho kutwa, tena mara nyingi kusubiri ndiyo dawa yenyewe. Wanaoanza wana ugonjwa wa kufungua mfuniko. Kila ukifungua unakaribisha bakteria na inzi, na wapo inzi wadogo wa matunda ambao miguuni mwao wamebeba bakteria wa siki. Unafungua kuangalia kama imeharibika, na kwa kufungua unaiharibu.

Haraka iko mahali pamoja tu: chupa zilizozidiwa gesi. Ukisikia moja imepasuka, usizishike zilizobaki kwa mikono mitupu. Zifunike kwa blanketi zito, funga chumba, waondoe watoto. Baadaye, ukiwa umevaa nguo nene na kitu cha kukinga macho, zipeleke kwenye ubaridi kisha uachie gesi kidogo kidogo. Hapo usianze kutafuta maandishi. Mengine yote yanangoja.

Hatua ya tatu: angalia kama swali lako ni mojawapo ya haya

Nimeyasikia sana hata nayajua kwa sauti ya mtu anavyobisha hodi.

"Haitoi mapovu." Paka sabuni mfunikoni, kisha pima. Haidromita ikitoa namba ileile siku mbili au tatu mfululizo, na namba hiyo iko chini, imemaliza. Mapovu ni dalili tu, hayapimi kitu. Yanaweza kutoka hata pombe ikiwa imeshamaliza, kwa sababu tu jua limepasha ndoo moto na gesi iliyokuwa imeyeyuka inatoka.

"Inanuka mayai viza." Hamira ikifanya kazi kwa shida hutoa gesi ya salfa. Mara nyingi inaondoka yenyewe kwa siku chache. Funika, ondoka.

"Kuna uchafu wa kahawia ukingoni." Ni povu la kwanza la hamira lililokauka. Furahi, maana yake imefanya kazi.

"Kuna utando mweupe juu." Hapa pana mambo mawili na ni lazima uyatofautishe. Utando mwembamba, bapa, wenye mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, ni vijidudu vya hewani vilivyojipatia makazi. Kinywaji kinaweza kugeuka ladha, pengine siki, na kosa ni hewa kuingia. Lakini ukiona manyoya, ya kijani, meusi au ya kijivu, hiyo ni kuvu. Mwaga, usichote chini yake ukajidai kuokoa.

"Itanipofusha?" Swali hili huja kwa kunong'ona, kwa sababu kila mtu amesikia habari za watu waliokunywa kitu wakapoteza macho. Sumu ile ni methanoli. Kuchachusha sukari, asali au matunda kwa hamira hutoa methanoli kidogo mno, kiasi kinacholingana na cha mvinyo wa kawaida. Maafa hutokea kwenye pombe kali iliyochanganywa na spiriti za viwandani au iliyokenekwa kiholela. Ndiyo maana nimesema gongo tuliache lilivyo.

Na "nimetia hamira kwenye maji ya moto". Umeiua. Zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi hamira haiponi. Acha kinywaji kipoe hadi ukiweka mkono nje ya sufuria usihisi moto, kisha tia nyingine. Gramu 11 zinatosha ndoo nzima ya lita 20.

Hatua ya nne: tafuta, na anza karibu

Watu hukimbilia simu. Mimi naanza na karatasi ya hamira yenyewe. Watengenezaji wa hamira za bia na mvinyo huandika kiwango cha joto inachokipenda, kiasi kwa lita, na namna ya kuilowanisha. Nimewahi kujibu kwa nusu saa swali ambalo jibu lake lilikuwa mgongoni mwa pakiti iliyokuwa mfukoni mwa muulizaji.

Kitabu cha pili kipo nyumbani kwa yeyote mwenye mtoto sekondari: cha baiolojia, sura ya upumuaji bila oksijeni. Hamira inakula sukari, inatoa kilevi na kaboni dayoksaidi. Mistari michache, na ukiielewa utajua mwenyewe kwa nini hewa inatakiwa mwanzoni, hamira ikiwa inazaliana, na kwa nini ni adui baadaye. Louis Pasteur alitumia miaka ya 1850 na 1860 kuwashawishi wenzake kwamba kinachofanya kazi ndani ya mvinyo ni viumbe hai. Wewe unaletewa bure, kwa bei ya kumwazima mwanao kitabu.

Cha tatu ni watu. Sisi wa pwani tuna wagema wanaopanda mnazi asubuhi na jioni, wanakata karara kwa kotama, kipande chembamba kama ukucha, tembo lidondoke chomboni. Mgema anajua mambo ambayo vitabu vya ng'ambo vinayaandika kwa kurasa nyingi. Anajua tembo la asubuhi ni tamu na la jioni ni kali, na likilala hadi kesho linaelekea kwenye siki. Anajua chombo kisichooshwa kinaharakisha, na kwamba wakati mwingine anakiacha makusudi bila kukisugua sana, kwa sababu mabaki yale ndiyo chachu. Waliosoma wanaita kuhamisha chachu. Yeye haiiti kitu, anafanya. Mama anayepika pombe ya kimea cha mtama naye anajua kimea kilichoota vizuri kwa kukitafuna.

Ila kwa mgema nenda na adabu. Usimwite akiwa juu. Msubiri ashuke, apange vyombo vyake, mwamkie, nunua chochote, ndipo uulize. Na kumbuka tembo lake ukilisifu mno litatiwa maji, wahenga wameshatuonya.

Ya nne ndiyo maandishi ya mtandaoni na vitabu vya wapika pombe wa nyumbani, ambavyo vingi viko kwa Kiingereza. Ukitafuta, andika dalili, usiandike hofu. "Pombe yangu imeharibika nifanyeje" haikupeleki popote. "Utando mweupe, mvinyo wa matunda, siku ya tano, nyuzi 30" inakupeleka. Soma watatu, usisome mmoja. Wakikubaliana, chukua. Wakipishana, usichague aliyeandika kwa ukali zaidi, chunguza wamepishana kwa sababu gani. Mara nyingi utakuta mmoja yuko kwenye baridi.

Hatua ya tano: uliza ushauri huo umezaliwa wapi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Upikaji wa bia nyumbani ulifunguliwa Uingereza mwaka 1963, ilipoondolewa leseni. Marekani sheria ilisainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978, ikaanza kutumika 1979. Kwa hiyo maandishi mengi unayoyakuta yametoka huko, kwa watu wenye vyumba vya chini ya ardhi vyenye nyuzi 18, wanaonunua kimea cha shayiri dukani na kupima kwa galoni. Wakisema "acha kwenye joto la chumba" wanasema chumba chao. Chumba changu mwezi wa pili, kaskazi likivuma, kinafika nyuzi 31 mchana, na ndani ya ndoo ni zaidi, kwa sababu hamira ikifanya kazi inatoa joto lake yenyewe. Hamira nyingi za bia hutaka nyuzi 18 hadi 22. Ukizipika kwenye 31 zinamaliza haraka na kukuachia ladha kali ya spiriti na kichwa kinachogonga kesho yake.

Basi ukisoma ushauri wa joto, tafuta wa watu wa joto: Brazil, kusini mwa India, Queensland kule Australia. Na hata hapo pima. Kuna mbinu mashuhuri ya kuivisha ndoo fulana iliyolowa, miguu yake kwenye beseni la maji, na feni ikipuliza. Inapoza kwa sababu maji yanakauka. Dodoma inafanya kazi vizuri sana. Hapa Tanga hewa yenyewe imeshiba maji, fulana inabaki imelowa kama ya mchukuzi wa bandarini, na ndoo inashuka nyuzi moja au mbili tu. Nilijaribu wiki nzima nikidhani ninakosea. Kinachofanya kazi kwetu ni beseni la maji na chupa za barafu, mbili asubuhi na mbili jioni. Au subiri Juni hadi Agosti, kusi likipoza usiku. Au tafuta hamira inayopenda joto. Ipo ya mashambani huko Norway, inaitwa kveik, inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 na zaidi. Ajabu kwamba hamira inayotufaa sisi imetoka kwenye theluji.

Hata haidromita ina kwao. Nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi 20. Kwenye nyuzi 31 inasoma chini ya ukweli kwa karibu 0.003, kwa hiyo ile 1.002 ya kijana ilikuwa kama 1.005, yaani sukari kidogo ilikuwa bado. Angeitia kwenye chupa jioni ile akafunga kwa nguvu, tungesikia habari zake.

Habari za namna hiyo ninazo za kwangu. Mwaka wa kwanza nilisoma risipe iliyosema robo tatu ya kikombe cha sukari kwa galoni 5, siku ya kutia kwenye chupa, ili kinywaji kipate gesi. Sisi galoni tunaita dumu. Nilikuwa na dumu la lita 5, nikaona mambo yamekutana. Nikatia robo tatu ya kikombe, kama gramu 150, nikajaza chupa za bia, nikafunga vifuniko, nikazipanga chini ya kitanda kwenye giza. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini zile zilinifuata juu. Siku ya tatu, saa nane usiku, ya kwanza ikalia kama tairi la lori. Mke wangu akaruka akidhani wezi. Ya pili ikalia. Asubuhi tulikuta kipande cha kioo kimezama kwenye ubao wa kitanda, upande wa chini ya godoro, pale ninapoweka kichwa.

Galoni ya Marekani ni lita 3.8, ya Uingereza ni lita 4.5. Galoni 5 za risipe ile zilikuwa lita 19. Nilitia gramu 30 kwa lita mahali panapotaka kama 8, karibu mara nne ya kipimo. Kile kipande cha kioo ninacho hadi leo, kimelazwa ndani ya daftari la kwanza.

Kwa hiyo geuza vipimo vyote kabla hujawasha jiko, na uviandike upya kwa mkono wako: galoni kuwa lita, ratili kuwa gramu 454, aunsi kuwa gramu 28, Farenhaiti kuwa Selsiasi. Risipe ambayo hujaiandika upya kwa vipimo vyako usiipike.

Na tazama ushauri una umri gani. Wapika pombe wa zamani walisisitiza kuhamishia bia kwenye chombo cha pili baada ya wiki, ati isikae juu ya hamira iliyokufa. Wengi wa waliosisitiza wameliacha hilo, kwa bia ya kawaida linaongeza hewa na uchafu kuliko faida. Risipe za Uingereza za miaka ya sitini na sabini nazo zimejaa sukari nyeupe, kwa sababu kimea kizuri kilikuwa shida kukipata. Ukikuta mawili yanapingana, angalia mwaka kabla hujaangalia jina la mwandishi.

Maji ya bomba nayo yasikupite. Klorini ikikutana na kimea huleta ladha ya plasta ya kidonda. Chemsha, au acha maji wazi usiku kucha. Ndiyo hiyohiyo inayokukuta ukisafisha vyombo kwa jiki usisuuze: kijiko kikubwa kimoja kwa lita 5 za maji ya baridi, robo saa, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Usithubutu kuichanganya na siki, inatoa gesi ya sumu.

Hatua ya sita: ulichokisoma kijaribu kwa dumu dogo

Dumu la lita 5, nusu kilo ya sukari na maua ya choya, hamira kijiko kidogo kimoja. Ikiharibika umepoteza kitu cha kuvumilika. Badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha hamira, joto na matunda kwa pamoja, hata ukipata pombe nzuri hutajua umshukuru nani.

Kama hujapata haidromita, unapofika kwenye chupa tumia za plastiki za soda. Ibonyeze moja kila siku. Ikiwa ngumu kama soda mpya, zote zinaingia kwenye friji.

Hatua ya saba: sasa uliza

Umeandika, umesubiri, umesoma watatu, umegeuza vipimo, umejaribu. Bado hujaelewa. Njoo, kahawa ipo.

Ila lete swali lililovaa nguo. "Mjomba wanzuki yangu imegoma" halijavaa. Linganisha na hili, niliandikiwa na dada mmoja wa Pongwe: "Wanzuki lita 5, asali ya Handeni kilo 1.2, hamira ya mkate kijiko kidogo kimoja. Ilianza 1.070. Sasa imesimama 1.030 siku tatu, ndani ya dumu nyuzi 29, mfuniko hauvuji. Nimesoma kwamba asali ina upungufu wa naitrojeni ya kuilisha hamira. Wengine wanasema tia zabibu kavu, wengine wanasema zabibu hazina nguvu hiyo, chemsha hamira kidogo uitie iwe chakula. Nimeelekea kwa hili la pili. Je, nitie sasa, au nimechelewa?"

Hilo nilijibu kwa sentensi tatu. Amechelewa kidogo lakini ajaribu: achemshe kijiko kidogo cha hamira kwenye nusu kikombe cha maji, ipoe, aitie, na pamoja nayo atie hamira hai mpya iliyoamshwa kwenye maji ya vuguvugu yenye asali kidogo. Siku ya nane ikafika 1.012. Aliniletea chupa, na namba ya siku ya nane akaniandikia kwenye karatasi iliyofungwa shingoni mwa chupa kwa uzi. Siku hizi watu hawarudishi majibu. Wanakuuliza, unajibu, unabaki hujui kama ulisaidia au uliua.

Kijana wa Makorora amerudi mwezi uliopita, bila ndoo safari hii, na daftari limeviringishwa mfuko wa nyuma. Alikuwa ameshasoma habari za ile hamira ya Norway, namna wakulima walivyokuwa wakiianika kwenye pete za mbao na kuitunza miaka kwa miaka. Akauliza: chachu ya tembo la mnazi, hii yetu, inayochacha juani kileleni kila siku bila kulalamika, nikichukua mashapo yake nikayapandikiza kwenye choya, na mashapo ya choya ile nikayapandikiza kwenye nyingine, itavumilia Februari bila barafu? Na bakteria wa siki nitawaachaje nyuma?

Nikaangalia daftari lake, nikaangalia langu. Jibu sikuwa nalo, na katika aliyoyasoma hakulikuta.

Alfajiri ya Jumamosi tulimsubiri mgema chini ya mnazi hadi aliposhuka. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka, akatupa mashapo ya chini ya kibuyu bure, akasema tumtunzie tuone. Sasa kuna madumu matatu uani kwangu, la kwanza lina mashapo ya mgema, la pili hamira ya mkate, la tatu nusu kwa nusu. Yote yalianza 1.050, nyuzi 30, saa tatu asubuhi. Leo ni siku ya pili, na la mgema linasoma 1.021.